Mwalimu Kwahiyo

Wanafunzi ndio waliombandika jina hilo, Mwalimu Kwahiyo, naye hakuwahi kulikasirikia. Miaka yote aliyofundisha hesabu, akishamaliza kueleza alikuwa anageuka kutoka ubaoni, anawatazama juu ya miwani na kuuliza, "Kwa hiyo?" Asiyejibu alisimama mpaka ajibu.

Kiharusi kilipompiga kikaondoka na maneno yake yote, kikamwachia hilo moja.

Binti yake, fundi cherehani, alimchukua mama yake akae naye kwenye vyumba vyake viwili. Akawa anashona huku amemtegea sikio. "Kwa hiyo" ya chinichini ilikuwa kiu, au ndivyo alivyodhani, maana akipewa maji alikunywa. Ile ya kuvuta ilikuwa choo. Nyingine zote alibahatisha. Mtaalamu wa kliniki alikuwa amemwonya: "Usitegemee sana anavyotikisa kichwa. Ndiyo na hapana zimemchanganyikia. Lakini ujue anaelewa."

Hilo la kwamba anaelewa ndilo lililomkosesha binti raha.

Jumamosi moja mama aliamka na jambo. Alinyoosha mkono wake mzima, ule usiopooza, kuelekea mlangoni. "Kwa hiyo!" Binti akamtoa nje. Mama akakunja uso. Binti akamrudisha, akamletea kanga, redio, picha ya marehemu baba. Kila kitu mama alikisukuma pembeni. "Kwa hiyo, kwa hiyo!" Jasho likamtoka, na binti naye likamtoka.

"Mama yangu, nisamehe. Sikupati."

Hapo ndipo kaka mkubwa alipoingia, funguo za gari mkononi. Alisimama akatazama mkono ule unaoonyesha mlango, akatabasamu kama mtu aliyefumbua fumbo.

"Mbona iko wazi? Anataka kuondoka. Amechoka na kelele za cherehani. Anataka kuja kwangu."

"Hajasema hivyo, kaka."

"Tazama mwenyewe, mdogo wangu. Anaonyesha mlango, ana hasira, na hapa pamebana. Unganisha."

"Nimeunganisha tangu asubuhi, na kila mara nimekosea."

Kaka alichuchumaa mbele ya kiti. "Mama, twende kwangu? Utapata chumba chako peke yako."

Mama alimtazama mwanawe muda mrefu, halafu akainamisha kichwa, mara moja.

"Umeona!"

"Kichwa si cha kutegemea, tuliambiwa!"

"Ni cha kutegemea akikubali kukaa kwako tu?"

Huenda kaka alikuwa amepatia. Huenda mama alikuwa amevichoka vile vyumba na ule mlio wa cherehani tangu zamani, na yeye binti, kwa kupenda kuwa naye, hakutaka kuling'amua. Binti alichukua mfuko, akaanza kupanga nguo. Mama alimfuata kwa macho, nguo baada ya nguo. Alipofunga zipu, mama akasema taratibu, bila hasira, "Kwa hiyo?"

Ilikuwa sauti ile ya darasani. Kaka alishakwenda kuwasha gari. Binti alibaki amepiga magoti juu ya mfuko, akitafuta jibu.

Walimbeba mpaka garini. Mkono mzima uling'ang'ania fremu ya mlango wa nyumba, kaka akaubandua kidole kimoja kimoja, kwa upole, akisema mama anaogopa kuanguka. Inawezekana aliogopa kuanguka.

Keshoye binti alikwenda kumwona. Chumba kilikuwa kikubwa kweli, na mke wa kaka alikuwa ameshamwogesha mama na kumbadilisha nguo. Chakula kilikuwa kimebaki kwenye sahani.

"Tangu jana hajatoa hata neno," alisema wifi. "Kaka yako anasema ametulia."

Binti alivuta kiti mpaka kitandani. Mama alikuwa macho, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, ni mimi. Unataka turudi? Unataka ubaki? Ni kitu nilichofanya?"

Alimgeuza uso kwa viganja viwili, akamtazama machoni kwa karibu kabisa. Machozi yalikuwapo, lakini daktari alishasema jicho lile la upande uliopooza hutoa maji lenyewe. Akalifuta. Halafu akachukua kitana, akaanza kumchana nywele, kwa kuwa hilo alijua namna ya kulifanya.