Kidani cha Mama Chanuo

Mama Chanuo alikuwa msusi wa kutajwa. Angeweza kusuka njia nyembamba kama uzi huku akipiga soga, akicheka na kumkemea anayefungua mlango kwa kishindo, na asikosee hata msuko mmoja. Lakini siku kaka yake alipopiga simu kusema kwamba binti yake anaolewa, na kwamba bibi harusi ameomba avae kidani cha dhahabu cha marehemu bibi yake, alikaa chini akashika tama. Kidani alikuwa nacho yeye, na kufika huko ni mwendo wa treni wa mchana kutwa.

"Kikatie bima," wateja wakamshauri. "Tahadhari kabla ya hatari."

Akaenda. Karani wa bima, dada mwenye miwani minene, alimwuliza, "Risiti yake unayo, mama?"

"Mwanangu, hiki mama yangu alivishwa siku ya ndoa yake. Risiti yake ndiyo mimi hapa."

Karani akacheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo, kazi ni kazi: alitaka picha, na cheti cha sonara kinachoeleza uzito na thamani.

Sonara alikigeuzageuza kidani kwenye mwanga, jicho moja kalifumba. "Dhahabu haina lawama," akasema. "Ila kifungo kimelika, kimebaki jina tu. Bibi harusi angerukaruka mara mbili, mngekitafuta miguuni mwa wageni." Akatia kifungo kipya, akakipima kidani, akaandika cheti.

Hati ya bima ilipokuwa tayari, karani alimsomea masharti polepole. "Usikiweke kwenye sanduku. Kikiibwa sandukuni, hatulipi. Kikae mwilini mwako. Na siri ni yako peke yako; jirani wa kiti si wa kumwambia."

"Nimekuelewa. Hata nikiota, nitaota nimefumba mdomo."

Akashona mfuko ndani ya sketi yake ya ndani, upande wa kulia, akakitia kidani, akabana kwa pini tatu.

Treni ilipoondoka asubuhi, mkono wake ulikwenda kiunoni. Kipo. Baada ya muda kidogo, tena. Kipo. Kila kituo watu walipopanda na kusukumana, alijikunja na kujishika kwa mikono yote miwili. Mbele yake aliketi mama mmoja mnene, mchangamfu, saa ya kiuguzi imening'inia kifuani. Alikuwa akimtazama kwa makini.

"Dada, tumbo limeanza kukuuma lini?"

"Haliniumi."

"Wote husema hivyo. Naona unavyojishika. Ni upande gani?"

Mama Chanuo akakumbuka sharti la karani. Akaona heri uongo mdogo kuliko kufichua siri kubwa. "Linakata kidogo tu. Huku kulia."

"Kulia! Chini?"

"Chini kidogo."

Muuguzi akasimama wima. "Jamani, nafasi! Huyu ana kidole tumbo!"

Behewa zima likageuka wodi. Wanaume wawili waliondolewa kwenye viti vyao ili mgonjwa alale. Mzee mmoja akatoa blanketi lake, mwingine akaleta chai ya moto, muuguzi akamnyang'anya kikombe kwa kuwa mgonjwa hatakiwi kunywa kitu. Mama Chanuo, ambaye njaa ilikuwa imeanza kumsokota kwelikweli, akakitazama kikombe kikienda zake.

"Ngoja nikupapase kidogo," muuguzi akasema.

"Usiniguse!" Ukelele ulimtoka kabla hajafikiri.

"Mmesikia? Maumivu makali!" Abiria wakatikisa vichwa kwa huruma. Kondakta akapiga simu mbele.

Walipofika, kituoni alipokelewa kwa kiti cha magurudumu. Kaka yake alisimama kando na mkewe, machozi yanamlengalenga. "Dada yangu, umepatwa na nini tena? Harusi tunaiahirisha!"

Hapo akaona mzaha unataka kutumbuka usaha. Akashuka kitini, akamshika muuguzi mkono huku na wifi yake huku, akawavuta hadi chumba cha kupumzikia wanawake, akafunga mlango. Akachomoa pini, moja baada ya nyingine, akakiweka kidani kiganjani mwa muuguzi.

Muuguzi alikitazama, akamtazama mwenyewe, midomo ikaanza kumcheza. "Nimesaidia kupasua watu miaka ishirini," akasema, "sijawahi kuona kidole tumbo cha dhahabu!" Wifi akaanguka kwenye benchi kwa kicheko. Huko nje kaka, aliyesikia vishindo na kudhani ni kilio, alikuwa akigonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Alipoelezwa, alinuna kwa dakika moja, kisha akamsihi muuguzi asiende kokote. Aliyemwuguza dada yake, hata kwa ugonjwa usiokuwepo, ni mtu wa nyumbani.

Basi Jumamosi ya harusi muuguzi alikuwa miongoni mwa wenyeji, akicheza kuliko mawifi wa bibi harusi. Bibi harusi alitoka chumbani kidani kikimulika shingoni. "Shangazi, kimenikaa?" akauliza.

Mama Chanuo alisogea kumwekea kifungo sawa. Shingo ile ndefu, na namna ile ya kuinamisha kichwa, alikuwa hajaviona tangu walipomzika mama yake. Akamkumbatia binti, akalia na kucheka kwa pamoja, na muuguzi akaja mbio na leso.