Kosa Moja, Majina Mawili

Gia ya mashine ya kukerezea vyuma ilivunjika wakati wa chakula cha mchana, saa ambayo karakana ilitakiwa iwe tupu. Ilitoa mlio mmoja mkavu, mashine ikatetemeka, kisha ikasimama. Ramadhan Mwinyimvua alibaki ameshika mkono wa kuendeshea, na mwenzake Altaf ameinama kwenye swichi. Wakatazamana.

Wazo lilikuwa la Ramadhan. Mama yake, Bi Zamda, alikuwa akiuza nazi pembeni mwa soko la Kariakoo, na mkokoteni wake ulikuwa umekatika ekseli. Ramadhan aliokota pande la chuma kwenye takataka za karakana, akaona kwamba akilikereza watu wakiwa wanakula, mama atapata ekseli na chuo hakitapungukiwa kitu. Alimwomba Altaf amsaidie kwa sababu darasa zima halikuwa na mtu wa kumfikia katika kupanga gia. Altaf alisita, akasema Mwalimu akijua itakuwa balaa, halafu akakunja mikono ya ovaroli yake. Ramadhan akalisukuma lile pande kwa pupa, Altaf akabadilisha gia mashine haijatulia. Ungewauliza nani hasa kavunja, hata wao wenyewe wasingeweza kukujibu.

Hawakukimbia. Walimfuata Mwalimu Anaeli, Mpare mmoja mtaratibu aliyewafundisha ufundi wa vyuma, wakamweleza yote, na kila mmoja alisema "tumevunja," si "amevunja." Mwalimu aliiangalia ile gia iliyong'oka meno, akavua miwani, akakaa juu ya benchi. Mashine ilikuwa ndiyo hiyo hiyo moja chuo kizima. Kipuri chake kilitaka fedha za kigeni, na fedha za kigeni siku zile zilikuwa hazipatikani. Darasa lote lingekaa miezi bila kazi ya mikono. Akawaambia hana budi kulipeleka jambo kwa Mkuu wa Chuo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali itaifishe nyumba za kupangisha. Baba yake Altaf alikuwa na ghorofa moja Mtaa wa Livingstone. Sasa lilikuwa chini ya Msajili wa Majumba, na yeye na wanawe walikuwa wamejibana kwa ndugu yao Upanga. Mjini watu walizungumza habari za mirija, wanyonyaji wasiotaka kutoka jasho, na wengi wakilitamka neno hilo macho yao yalikuwa yakimtafuta Mhindi wa karibu. Chuoni Wahindi walikuwa wachache. Altaf alizoea kutaniwa, akawa anacheka pamoja na wanaomtania.

Kamati ya nidhamu ilimwita Ramadhan kwanza. Mkuu wa Chuo, Ndugu Leodegar, alikuwa mtu mrefu kutoka Masasi, mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alimuuliza habari za nyumbani, akamuuliza mama anafanya kazi gani, akatikisa kichwa kwa huruma aliposikia kwamba baba alikwishafariki. Kisha akauliza nani aliyemshawishi kuingia karakana. Ramadhan akasema hakushawishiwa, wazo ni lake. Mjumbe mmoja akarudia swali lile lile kwa maneno mengine, na mwingine akalirudia tena, kama watu wanaomsaidia mtoto kukumbuka jibu. Ramadhan akajibu vile vile. Alipotoka alijiona amesimama vizuri. Altaf akaingia, akakaa ndani muda mrefu zaidi, akatoka uso umemsawijika. Ramadhan alipomuuliza wamesema nini, akajibu kwamba wamemuuliza baba yake anaonaje kupoteza nyumba.

Hukumu ilisomwa asubuhi, wanafunzi wote wamepanga mistari mbele ya bendera. Ramadhan Mwinyimvua, kwa uzembe, atachapwa viboko vinne na kufyeka nyasi za uwanja mpaka mwisho wa mwezi. Altaf, kwa kuhujumu mali ya umma, amefukuzwa chuo kuanzia siku ile.

Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, na makofi yakasambaa. Ramadhan alisikia jina lake likipita na la mwenzake likipita, na pamoja nayo yale maneno mawili, uzembe na hujuma, na kichwa chake kikakataa kuyaelewa. Mkono uliosukuma chuma ulikuwa wake. Altaf alitoka mstarini akiwa ameshika kofia yake. Alipopita mbele ya Ramadhan hakumlaumu, hata kwa jicho. Alimwangalia tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba na mwenzake amesikia.

Viboko vilimuuma kidogo. Kilichomsumbua ni wanafunzi wenzake walivyomshika bega baadaye, wakimpa pole na kumwambia ana bahati yule Mhindi hakumtumbukiza shimoni.

Nyumbani kwao, chumba cha uani Mtaa wa Sikukuu, Bi Zamda alimsikiliza huku akipanga nazi, zilizoota upande mmoja na nzima upande mwingine. Alimshukuru Mungu kwamba mwanawe hakufukuzwa. Ramadhan aliposema kwamba anataka kwenda kwa Mkuu kuomba jambo liangaliwe upya, mkono wa mama ulisimama.

"Muhindi ana ndugu Ulaya," akasema. "Leo akifukuzwa, kesho yuko kwenye ndege. Wewe ukifukuzwa utakwenda wapi, mwanangu? Utakuja hapa tufue nazi pamoja?"

Akamkumbusha jinsi alivyokuwa yaya Upanga, yeye Ramadhan akiwa bado mdogo. Alilea watoto wa watu, akawaogesha na kuwabembeleza, lakini kikombe chake kiliwekwa chini ya sinki, peke yake, ili kisichanganyike na vya wenyewe. Siku alipokosea akanywea kikombe cha mezani, mama mwenye nyumba alikitupa jalalani mbele ya macho yake. "Hao ndio unaotaka kuwafia," akasema Bi Zamda, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Yote aliyosema mama yalikuwa kweli. Ramadhan alikwenda kulala akijaribu kumchukia Altaf, akashindwa. Kila alipojaribu alimwona akikunja mikono ya ovaroli, akiuliza ekseli ya mama iwe na unene gani.

Asubuhi alimkuta mama amekaa kizingitini, hajaondoka kwenda sokoni, ingawa jua lilikwisha panda. Alikuwa anautazama ule mkokoteni uliolala ubavu.

"Hicho chuma mlichokuwa mnakereza," akauliza, "kilikuwa cha nani?"

"Cha kwako, mama."

Bi Zamda akajifunga khanga yake, akasimama. "Haya, nenda. Lakini usije ukasema ni mimi niliyekutuma, maana sijakutuma. Nimeshindwa kukuzuia tu."

Ramadhan hakwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Alimpitia kwanza Mwalimu Anaeli, kwa kuwa Mwalimu alikuwa mjumbe wa kamati na siku ile alikuwepo. Akamuuliza kwa heshima kama aliwaeleza wenzake kwamba wote wawili walikiri sawa. Mwalimu Anaeli alisema alieleza. Alieleza mara moja, wakamwambia Mhindi ana akili nyingi, hawezi kuvunja gia kwa bahati mbaya. Na yeye akaona akiendelea kubisha ataulizwa anatetea upande gani. Aliyasema hayo akiwa anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi, ingawa mikono ilikuwa safi. Mwisho akakitupa kitambaa, akasema wataingia wote.

Ndugu Leodegar aliwapokea vizuri. Alidhani Ramadhan amekuja kushukuru. Alipoelewa kilichomleta, aliinuka akafunga mlango, akarudi kukaa, na akawasimulia jambo ambalo hata Mwalimu Anaeli alikuwa hajapata kulisikia.

Zamani za mkoloni, akasema, alipokuwa kijana wa umri kama wa Ramadhan, alijifunza ufundi katika karakana moja ya Wazungu hapa hapa mjini. Yeye na kijana wa Kihindi waliachiwa kuangalia injini, wakasahau mafuta, injini ikaungua. Mzungu aliwaita wote wawili. Yule Mhindi aliambiwa amlete baba yake wazungumze. Leodegar alichapwa mbele ya mafundi, akanyang'anywa nguo za kazi, akapakiwa melini kurudishwa kusini kama mhuni asiye na kazi mjini. Mama yake alimpokea Lindi bandarini akidhani mwanawe ameua mtu. Miaka mingi ilipita kabla hajashika tena spana.

"Kosa lilikuwa moja," akasema Mkuu. "Mwenzangu akaitwa mtoto aliyeteleza. Mimi nikaitwa mhuni. Kwa hiyo usije hapa kunifundisha habari za Wahindi kuonewa."

Kwa mara ya kwanza Ramadhan akamwonea huruma mtu aliyekuwa akimwogopa. Alitaka kuomba radhi aondoke. Lakini alikwisha fika.

"Pole, Ndugu Mkuu," akasema. "Yule Mzungu alikuonea. Ila na sisi kosa letu lilikuwa moja. Mimi nimeitwa mzembe na mwenzangu mhujumu. Kama ni hujuma, mimi ndiye niliyemwita. Nipeni adhabu yake, au mpeni yangu."

"Unataka nikufukuze?"

"Sitaki. Nataka tuhesabiwe sawa."

Ndugu Leodegar akamwangalia muda mrefu. Akamgeukia Mwalimu Anaeli kama anayetafuta msaada, na Mwalimu akasema, kwa sauti ndogo lakini bila kusitasita, kwamba yeye anakubaliana na kijana, na kwamba alipaswa kuyasema hayo siku ya kamati. Mkuu akawaambia watoke.

Kamati ilikutana tena. Hawakuitwa. Baada ya siku chache Ramadhan aliambiwa na karani kwamba wote wawili wamesimamishwa mpaka mwaka unaofuata, kwa uzembe, na kila mmoja ataruhusiwa kurudi. Hakuna aliyekusanywa mbele ya bendera kusomewa hayo. Wale waliopiga makofi hawakuambiwa kwamba neno hujuma limefutwa, na wengi wao waliendelea kulitumia.

Ramadhan alikwenda Upanga mwenyewe kupeleka habari. Altaf alimpokea ngazini, hakumkaribisha ndani, si kwa dharau, ila ndani mlikuwa na masanduku kila mahali. Ndugu zao wa Uganda walikuwa wamepewa siku za kuondoka, na baba yake alikwisha kata shauri asisubiri zamu ya Dar es Salaam. Walikuwa wanakwenda Kanada, nchi ambayo Altaf aliijua kwa ramani tu.

"Waliniuliza pasipoti yangu iko wapi," akasema. "Siku ile ya kamati. Nikawaambia sina, mimi nimezaliwa Kariakoo, pasipoti ya kwenda wapi? Sasa ninayo."

Ramadhan akamwambia kwamba wote wawili wamesimamishwa mwaka, kwamba Altaf naye ameruhusiwa kurudi, na jina lake limesafishwa. Altaf akatabasamu kidogo.

"Umekosa mwaka mzima kwa ajili yangu. Ungenyamaza, nisingekulaumu, Rama."

"Najua."

Walikaa ngazini mpaka mama yake Altaf alipomwita kwa Kigujarati. Wakapeana mikono kama watu wazima, kisha Altaf akamvuta akamkumbatia, akapanda juu haraka.

Mwaka ule Ramadhan aliumaliza sokoni, akivuta magunia ya nazi na mama yake. Bi Zamda hakumsema hata siku moja. Mteja akiuliza kwa nini kijana hasomi, alikuwa akijibu kwamba anapumzika, na anageuza mazungumzo. Chuo kilipofunguliwa, Ramadhan alirudi, akakuta darasa lake limekwisha hitimu na kuajiriwa viwandani. Alikaa na wadogo. Walikuwa wamesimuliwa habari zake nusu nusu, na wakampachika jina la Muhindi. Mwanzoni lilimkera. Baadaye aliitika kama jina lingine lolote.

Siku ya kwanza alipitia ofisini kwa Mkuu kama desturi ilivyotaka. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa. Ndugu Leodegar alikuwa amepungua mwili, na mvi zimeanza kumtoka. Alimuuliza kama yuko tayari kusoma, Ramadhan akasema yuko tayari. Akamuuliza mwenzake yuko wapi, mbona hajaripoti.

"Wameondoka, Ndugu Mkuu. Wako Kanada."

Mkuu akarudia lile neno Kanada polepole. Akageuka dirishani. Uwanjani wanafunzi wapya walikuwa wanapangwa mistari, na Mwalimu Anaeli alikuwa akiita majina. Ramadhan alisubiri, akidhani ataambiwa jambo. Mkuu alisimama vile vile, mikono nyuma, mpaka majina yote yakaitwa na mistari ikavunjika. Ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba kipindi kimeanza, aende darasani.