Paa Juu ya Pafu la Kulia

Mzee Rula alilala chali kwenye mashine ya siti-skani, mikono juu ya kichwa, na alipoambiwa abane pumzi alizibana kadiri alivyoweza. Nyuma ya kioo alikaa binti yake, daktari wa picha, maana zamu ilikuwa yake.

Kiwanda cha mabati ya asbesto, alikofanya ukaguzi tangu ujana wake, kilikwisha kusema mzee ana saratani ya wavuta sigara. Hakuwahi kuvuta hata moja, na uzushi huo ulimuuma kuliko kifua.

"Mwanangu, mimi kufa nitakufa," alimwambia binti. "Ila ugonjwa wangu upewe jina lake."

Binti alizipitia picha bila haraka. Saratani ya sigara huanzia ndani ya pafu, na ikihamia kwenye utando wake mara nyingi huacha vinundu huku na huku. Hii ilikuwa imeufuata utando wote, nene kama ganda la chungwa, ikalibana pafu la kulia hadi likanywea. Juu ya ganda hilo yalikuwa yameezekwa mabati, yamepandana sawasawa, kila moja na muhuri wa kiwanda.

"Baba, njoo uone."

Mzee akainamia skrini. "Kazi ya zamu yetu hiyo. Siku hizi wanalipua tu."

"Na hii si ya sigara. Imeanzia kwenye utando wenyewe, kwa vumbi la asbesto."

"Una hakika?"

"Tutakata kinyama kidogo kipimwe maabara. Lakini macho haya ulinisomeshea nini?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Maji hufuata mkondo: baba alikagua mabati, binti anakagua vifua. Alijivuna, na tusimfiche.

Maabara ikakubaliana na binti. Meneja wa kiwanda akaja, akavaa miwani, akakiri bila kuzungusha kwamba mabati ni yao.

"Sigara ndiyo iliyomharibu," alisema. "Sisi tulimwezekea tu." Akaomba nakala.

Kiwanda kiliikuza picha hiyo, kikaitundika getini na maneno "Imara Maisha Yote". Jina la ugonjwa walilikata.

Asubuhi moja Mzee Rula alikwenda huko, koti limepigwa pasi. Aliipita foleni ya waliokuja kutafuta kazi, akisimama kwa kila mmoja kuvuta pumzi, kisha akimtajia ugonjwa ule na aliyeugundua. "Binti yangu huyo. Wa kumzaa mwenyewe."

Walimpa pole ya kuugua na hongera ya kusomesha. Geti likafunguliwa, wakaingia.