Kapu la Simu

Siku aliyofariki Mzee Massoud, simu ya mwanawe Yakoub ilikuwa imezimwa, imelala ndani ya kapu la ukili juu ya kabati la mapokezi, pamoja na simu za waombaji kazi wengine. Lilikuwa kapu zuri, lenye mistari myekundu, la aina ile wanawake wanayokwenda nayo sokoni.

Ofisi ilikuwa ya kampuni ya mikopo, ghorofani, katikati ya mji wa Tanga. Waombaji walikuwa katika wiki ya majaribio, wiki isiyo na malipo, ambayo meneja wao, Bwana Castory, aliiita wiki ya bidii.

"Vyeti vyenu nimeviona, vyote vinafanana," aliwaambia asubuhi ya kwanza. "Mimi natazama mgongo. Anayeinuka-inuka hapa si mtu wa fedha."

Basi hakuna aliyeinuka. Waliingiza marejesho ya wateja kwenye kompyuta tangu ofisi kufunguliwa hadi kufungwa, na aliyekwenda msalani alikwenda mbio.

Yakoub alikuwa na stashahada ya fedha, na alikuwa amezunguka nayo hadi bahasha yake ikachakaa. Asubuhi ya siku ile ya msiba umeme ulikatika, na baba yake, fundi baiskeli wa Barabara ya Kumi na Mbili, ndiye aliyewasha pasi ya mkaa akampigia shati, mikono ikasimama mistari.

"Leo sikupigii simu wala nini," mzee alimwambia. "Wewe inamisha kichwa, fanya kazi. Wakuone."

Jioni Yakoub alipowasha simu, jumbe zilimiminika. Hakuzisoma. Wingi wake ulimtosha kujua. Alikimbia hadi Ngamiani, akakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba na wanaume wamekaa mikekani, udongo wa kaburi ungali kwenye pindo za kanzu zao. Uani, kitanda cha kuoshea maiti kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kinachuruzika maji.

Walimngoja. Walisali adhuhuri wakamngoja, wakasali alasiri wakamngoja, kisha imamu akasema maiti haicheleweshwi zaidi ya hapo. Mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kaburini kumpokea baba yake, na Mzee Massoud alikuwa na mmoja tu. Aliyeshuka badala yake ni muuza kahawa wa mtaani.

Innocent, dereva wa bodaboda wa pale kona, alimvuta pembeni.

"Nilikuja ofisini kwako, kaka. Mdogo wako Suhaila alinituma, hata adhuhuri bado. Mlinzi akanizuia, ati mko kwenye mtihani. Nikamwambia, baba yake amefariki. Akapanda juu, akashuka, akasema meneja amepata taarifa."

"Meneja?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi nikaondoka, nikijua unakuja nyuma yangu."

Yakoub alirudi ofisini baada ya matanga, akamalizia siku zilizobaki za majaribio. Hakumuuliza meneja kitu. Nyumbani mama yake, Bi Salme, alikuwa ameingia eda, amevaa nyeupe, hatoki nje ya mlango. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye lango la shule, na sasa lango lilikuwa mbali naye kama Pemba alikozaliwa. Mafuta yalipanda bei, sukari ikafuata. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa pole, na pole yake ilikuwa imekwisha.

Usaili uliitishwa arobaini haijafika. Asubuhi hiyo Yakoub aliingia chumbani kuaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevaa lile shati?"

"Ndilo."

"Nani kalipiga pasi?"

"Mwenyewe."

"Linaonekana," Bi Salme alisema, akaunyoosha ukosi kwa kiganja. Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Nenda, mwanangu. Nikitoka eda nikukute una kazi. Sikuombi jingine."

Ofisini mlinzi alimnyooshea kapu. Yakoub akaitumbukiza simu. Alipomaliza ngazi, Bwana Castory akamshika bega.

"Kijana wangu. Pole tena na mzee."

"Ahsante, bosi."

"Sasa sikiliza. Wakubwa wamekuja kutoka Dar. Watakuuliza mfano wa bidii. Wenzako watasema walisoma kwa kibatari, sijui walitembea kwa miguu. Wewe una mfano ambao hapa hakuna mwenye nao. Nimeshawadokeza. Baba amefariki, taarifa imekufikia, ukasema namaliza kazi kwanza. Basi. Nafasi ni yako."

"Taarifa haikunifikia, bosi. Ilikufikia wewe."

Castory aliigeuza kamba ya kitambulisho shingoni mwake.

"Ilifika ofisini. Ningekutoa siku ile, ungekuwa umejitoa mwenyewe. Nilikusaidia. Kwani ungekwenda, mzee angefufuka?"

Godlisten, mwombaji mwenzake kutoka Muheza, alikuwa kwenye benchi hapo hapo. Alisikia kila neno, akavitazama viatu vyake.

Yakoub alikaa kando yake, akalijaribu lile jibu moyoni. Nilipopata taarifa, niliamua kumaliza kazi kwanza. Lilikuwa fupi. Lilitamkika. Akamwona mama yake akitoka eda, akamwona Suhaila na daftari jipya. Akalirudia tena mpaka likazoea kinywa.

Ndani kulikuwa na meza ndefu. Mama mmoja mtu mzima kutoka makao makuu, Bi Lea, ndiye aliyeongoza. Castory alikaa ubavuni pake.

"Karibu, Yakoub. Habari zako tumezisikia, pole sana," Bi Lea alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huruma. "Si wengi wangeweza. Hebu tueleze mwenyewe, nini kilikufanya ubaki?"

"Nilipopata taarifa," Yakoub alianza.

Macho yake yaliangukia mkono wa shati. Mstari alioupiga asubuhi ulikuwa umepinda, umekwenda kando ya ule wa zamani. Wa zamani bado ulionekana.

"Sikupata taarifa," alisema. "Ningepata, ningeondoka hata kama kompyuta ingebaki wazi."

Castory alikohoa. "Kijana bado ana msiba."

"Unamaanisha hukujua?" Bi Lea aliuliza.

"Sikujua, mama. Aliyejua yupo hapa mezani."

Feni lilizunguka. Bi Lea alimtazama Castory, Castory akaitazama chupa yake ya maji. Yakoub alingoja. Alidhani sasa swali litamgeukia yule mwingine.

"Sawa," Bi Lea alisema polepole. "Lakini tuchukulie ulijua, ukaondoka. Ungerudi kazini lini?"

"Baada ya matanga."

"Siku tatu zote?"

"Zote, mama."

Aliandika kitu kifupi. "Ahsante, Yakoub. Tutakupigia."

Mlinzi alimtolea simu yake kapuni bila kumtazama usoni. Yakoub aliiwasha akiwa bado mlangoni, akasimama hadi ilipowaka kabisa. Hakukuwa na ujumbe wowote.

Nyumbani Bi Salme aliusikia mlango. Aliuliza kutoka chumbani, "Vipi?"

"Watapiga."

"Basi kula," alisema. Hakuuliza tena siku ile wala siku zilizofuata.

Hawakupiga. Yakoub alifungua boksi la vyombo vya baba yake, akakaa pale pale barazani alipokuwa akikaa mzee, akaanza kuziba pancha. Vitumbua hupika Bi Salme, na Suhaila huvibeba langoni kabla kengele haijalia.

Nafasi alipewa Godlisten. Juzi alikuja na baiskeli ya kampuni, tairi la nyuma limelala, akakaa kwenye kigogo cha wateja na shati lake la kazini.

"Kuna wiki nyingine ya majaribio imeanza. Wapya wamekuja."

"Mh."

"Bado anawasimulia, kaka. Anasema, kijana alifiwa na baba yake, akabaki mezani mpaka jioni."

Yakoub aliutia mpira wa ndani kwenye karai la maji, akatafuta mapovu. "Ananitaja jina?"

"Hapana. Anasema kijana mmoja wa Ngamiani."

Tundu lilionekana. Yakoub alilikausha, akalipaka gundi, akabandika kiraka, akapiga upepo. Godlisten alilipa, akapanda baiskeli, akarudi ofisini.

Lile kapu bado lipo juu ya kabati la mapokezi. Wanatia simu humo kila asubuhi.