Glavu za Nzula

Jumamosi asubuhi, mwaka wa sabini na nne, Kanyiva alikuwa akimimina chai kwa Bwana Gichuru, kule Lavington, bwana mkubwa huyo aliposema, macho gazetini, "Pimeni huyo wa nyumba ya nyuma."

Wa nyumba ya nyuma ni Nzula, binti ya Kanyiva, miaka kumi na mitatu, mfua nguo wa pale. Daktari alikuwa ameeleza kwamba uboho wa Wangeci, mtoto wa mwenye nyumba, umekauka mifupani, hautengenezi damu tena, na dawa ni uboho wa ndugu yake. Kaka zake wawili walipimwa, hawakufaa.

Mama Wangeci, kama ambaye hakusikia, akauliza nani anaongezewa maziwa.

Nzula akafaa, chanda na pete.

"Mtoto yangu akipona, yako ataingia shule," Bwana Gichuru aliahidi. Kwenye pasipoti ya kwenda London akamwandika Nzula binti yake. Waliporudi, akaifungia dawatini.

Wangeci alinawiri, akarudi shule. Nzula akarudi kwenye karai, nyonga ikimuuma pale sindano ilipochimba.

Basi ikawa Nzula akilala njaa, Wangeci anaamka akilia tumbo. Nzula akifua blanketi, vidole vya Wangeci vinapasuka darasani, vinanuka sabuni ya kipande. Ilikwenda upande huo mmoja tu; Wangeci akila keki, Nzula hashibi. Mwalimu akaandika barua.

Mishi, yaya wa jirani, mtu wa Mombasa, alicheka uani hadi leso ikamdondoka. "Shoga, damu haijui geti! Mwanao watamweka mezani, wapende wasipende!"

Kanyiva akaamini. Akamsuka Nzula, akamvalisha rinda safi, akabisha mlango wa mbele.

Mama Wangeci alifungua, mkononi ana mfuko wa duka la Adams Arcade. Ndani mlikuwa na glavu za mpira, jozi sita.

"Akue anavaa hizi akifua. Na usiku ale ashibe. Wangeci ako na mtihani."

"Na ile shule, mama?"

"Na blanketi zifuliwe na nani, Kanyiva? Hebu pitieni nyuma."

Vidole vya Wangeci vilipona ndani ya wiki moja. Mtihani akauongoza.

Siku matokeo yalipokuja, Kanyiva alikuwa na pasi ya makaa mkononi, moto tele. Alimtazama Nzula, glavu hadi viwikoni. Kumchoma yule wa mezani, ilibidi kwanza amchome huyu wake.

Akaendelea kuipiga pasi sare ya Wangeci.