Bunduki ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Ingeborg, aliishi nasi miaka kumi na minne kabla ya kufariki, na katika miaka yote hiyo hakuniruhusu niishike bunduki yake hata mara moja. Ilikuwa nyepesi, ya kabla ya vita kuu ya kwanza. Kwa bunduki ile aliwalisha watoto watano nyama ya kulungu miaka ya ukame, mumewe akiwa migodini Butte. "Wewe pika, Leona," alikuwa akiniambia. "Kila mtu na kipaji chake."

Alipokufa ikawa ya Arvid, mume wangu. Shida ilikuwa moja: viwanda viliacha kutengeneza risasi zake zamani sana. Kichwa cha risasi ile ni kinene kuliko vile vya madukani, tena kwa unene wa unywele tu. Lakini unywele huo ndio kila kitu. Kichwa chembamba hupwaya ndani ya mtutu na kutoka kama mlevi mlangoni mwa baa. Basi Arvid, aliyekuwa fundi wa kalibu kiwandani miaka thelathini, yaani yale maumbo ya chuma ya kukandamizia vitu, akachonga kalibu zake mwenyewe, akawa anatengeneza vichwa vyake chini kwenye karakana, kiini cha madini laini ya risasi ndani na koti la shaba nje. Mimi nilimpelekea kahawa, nikasimama mlangoni nikitazama.

Mwezi wa pili mwaka jana akapigwa na kiharusi.

Mguu ulirudi, na ulimi ukarudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi. Akawa mtu wa kiti cha dirishani, anatazama theluji ikiyeyuka, kisha anatazama matope. Daktari alimpa mpira wa kuminya, aliutupia mbwa. Karakana iko ngazi nne tu chini ya jiko, lakini hakuikanyaga.

Siku moja ya Mei nikamsikia akiongea kwenye simu na Wendell Prather, mwenye baa ya pale njia panda.

"Njoo uichukue. Itundike ukutani juu ya chupa zako."

Nikangoja akate simu. "Unampa Wendell nini?"

"Bunduki ya mama. Nani ataipiga? Mimi?" Akainua ule mkono kwa mkono mwingine, akauachia ukaanguka pajani. "Na zimebaki risasi tisa."

"Basi mimi nitatengeneza nyingine."

Akanitazama kama niliyesema nitaruka mpaka mwezini. "Wewe?"

"Mimi. Nimepikia shule nzima miaka ishirini na minane. Nitashindwa na vichwa vya shaba?"

"Hayo si maandazi, Leona."

Nikampigia Wendell. Nikamwambia akikanyaga kibaraza changu kabla ya msimu wa kuwinda atanijua. Akacheka mpaka akakohoa. "Sawa, shemeji, sawa. Nasubiri."

Nikaanza kwa kuokota. Makoti yale Arvid aliyafanya kwa maganda matupu ya risasi ndogo za kulengea shabaha, ambayo watu huyaacha yametapakaa uwanjani. Nikajaza ndoo mbili, nikayachemsha, nikayaosha kwa siki, nikayaanika kwenye trei zangu za biskuti. Hapo nilikuwa nyumbani. Kuanzia hapo nikapotea. Mengine yalipasuka kwenye kalibu kama mkate uliokosa hamira. Mengine yalikwama, nikayatoa kwa nyundo huku nikimtaja Mungu vibaya. Wiki tatu baadaye nilikuwa na vichwa ishirini vilivyokaa sawa machoni. Nikaviunga na maganda ya bunduki yenyewe na baruti kama kitabu cha Arvid kilivyoandikwa kwa mkono wake, nikaenda uwanjani peke yangu.

Karatasi ya shabaha ilirudi na matundu marefu, kama ya kufuli. Vichwa vilikuwa vinaingia kiubavu. Vingine havikuigusa karatasi kabisa. Niliiweka ile karatasi mezani mbele ya Arvid. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama chochote tangu majira ya baridi.

"Vinapwaya," akasema, kisha akageukia dirisha.

Nikaudhika sana. Nikashuka karakanani, nikachukua kichwa kingine na kuusukuma wenzo wa mashine ya kukandamizia kwa nguvu zangu zote. Chuma kikalia. Nikasukuma tena, kikalia zaidi.

"Unaiua! Unaiua hiyo mashine, we mwanamke!"

Nikageuka. Arvid alikuwa ngazi ya tatu, ameshika ukuta, jasho linamtoka, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga. Sikumkimbilia. Mpaka leo sijui nilipata wapi akili ya kutomkimbilia.

"Basi shuka unionyeshe," nikasema.

Akashuka. Akakaa kwenye kigoda, akashika kalibu yangu kwa mkono wa kushoto, akaiinua kwenye mwanga. "Umetumia mafuta gani?"

"Ya kupikia."

"Mungu wangu." Na akacheka. Cheko lilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini lilikuwa lake.

Kalibu nilikuwa nimeikwaruza kwa ndani. Ilibidi isuguliwe upya, pole pole, kwa msasa laini kuliko kitambaa, na kupimwa kila baada ya mizunguko michache. Kazi hiyo huwezi kumfundisha mtu kwa maneno, hasa ukiwa na maneno nusu. Alijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ukateleza, akarusha tupa ya chuma iliyokuwa mezani, ikapita karibu na sikio langu.

"Toka!" akanipigia kelele. "Toka! Unaniangalia kama maiti!"

Nikatoka. Siku mbili nilimwekea chakula mezani nikala kibarazani. Siku ya tatu asubuhi nikasikia kitu kinasugua huko chini, kinaacha, kinasugua tena. Nilipochungulia, alikuwa ameifunga kalibu kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, na ule mkono mbovu ameulaza juu yake kuituliza, kama uzito tu, huku wa kushoto ukizunguka na msasa.

"Leona," akasema bila kugeuka. "Njoo upime. Macho yangu hayasomi namba ndogo."

Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake. Niliipokea.

Tuliuhamisha wenzo wa mashine upande wa kushoto. Yeye akawa anasukuma, mimi naingiza koti na kiini na kutoa kichwa kilichokamilika, bado kina joto la vidole. Vibovu alivitupa kwenye kopo. "Hiki kina mkunjo. Hiki kimelewa. Hiki cha Wendell." Mwezi wa saba kopo lilijaa, mwezi wa nane lilianza kuchelewa kujaa. Daktari akashangaa vidole viwili vya kulia vinakunjika. Arvid hakumwambia kitu kuhusu mpira.

Septemba tukaenda uwanjani wote wawili. Wendell alikuwepo, amejiegemeza kwenye gari lake, kikombe mkononi.

"Shemeji, nimeshapigilia misumari ukutani."

"Ning'iniza kofia yako hapo," Arvid akamjibu.

Nikalala juu ya mkeka, nikapiga risasi tano. Wendell ndiye aliyekwenda kuileta karatasi. Alirudi akitembea taratibu, akaweka kikombe chake juu ya matundu. Kikombe kiliyafunika yote matano. Akanipa mkono, akampa Arvid wa kushoto, kisha akaondoka bila mzaha wowote.

Novemba tukapanda mpaka ukingo wa msitu wa misonobari, mimi na bunduki, yeye na fimbo na kiti cha kukunja. Dume la kulungu likatoka saa tatu asubuhi, likasimama wazi. Nikashusha bunduki, nikamnong'oneza, "Piga wewe."

"Siwezi, na wewe unaweza," akasema. "Pumua. Nusu itoke, nusu ibaki."

Nikapiga. Lilikwenda hatua kumi, likalala. Nilikaa kwenye theluji nikalia, na Arvid akakaa karibu yangu, ananipigapiga mgongoni kwa ule mkono ambao mwenyewe alikuwa ameukatia tamaa. Haukuwa na nguvu. Lakini niliusikia.

Januari mwanamke mmoja aitwaye Opal Tanner alitujia kutoka upande wa pili wa mlima na bunduki kama ile, ya marehemu mumewe. Alikuwa amesikia kwa Wendell. Arvid aliifungua, akachungulia mtutu, uso ukamkunjamana.

"Nani alikuambia uiweke bafuni?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndipo penye ndoano."

"Kutu yote hii! Ungeiweka kwenye supu ingekuwa afadhali." Akaiweka mezani kwa upole kuliko maneno yake. "Iache. Kutu nitaitoa wiki hii. Vichwa vyenyewe utavitengeneza mwenyewe, tutakuonyesha. Jumanne unaweza kuja?"

"Jumanne naweza."

"Njoo na aproni," nikamwambia. "Na usilete mafuta ya kupikia."