Sema Dasti Ndipo Ule

Mama mwenye mtoto anayelisha mawe kwenye karasha, soma hili kabla hajatoka nyumbani kesho asubuhi. Mimi ni Philomena, mama Ryoba, niliishia darasa la saba, na napika chakula cha wafanyakazi pale kwenye karasha la Mzee Waitara, njia ya Nyakunguru. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Linakula mawe, na lisipopata jiwe linakula kilicho karibu.

Mwezi wa tatu lilikula vidole viwili vya Ryoba wangu, mkono wa kulia.

Nitaeleza ilivyokuwa, maana watu wameongeza chumvi. Injini iko nyuma ya ukuta wa mabati. Huko ndiko anakokaa fundi, Behruz, mtu wa Irani aliyekuja pamoja na mashine. Akiwa huko haoni mdomo wa karasha. Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa cha mashine tu: nati, mkanda, dizeli, washa, zima. Glovu ya Ryoba iliponaswa kwenye mkanda, wote tulipiga kelele, "Vidole! Vidole vya Ryoba!" Hakuna aliyesema zima. Mtu akiona damu hatoi amri, anataja anachokiona. Basi Behruz akatoka nyuma ya bati na spana mkononi, injini nyuma yake bado inanguruma, anatuuliza, "Vidole? Vidole wapi?"

Alidhani ni kifaa kimekatika. Alikuja kukifunga.

Wiki tatu baadaye binti yangu Lilian, ana miaka ishirini, akaniambia Jumatatu anaingia kwenye nafasi ya kaka yake.

"Lilian, huniachii hata mtoto mmoja mzima?"

"Mama, mimi siyo mtoto. Na wewe mwenyewe unapata riziki pale pale."

Ni kweli. Ilikuwa Jumatano. Nikasema, nina siku nne, na kwa siku nne nitajifunza majina ya mwili kwa lugha ya huyo fundi. Usiniulize kwa nini sikumfundisha yeye Kiswahili. Nilimfundisha pia. Lakini mimi ukinishtua kwa Kiswahili nageuka, ukinishtua kwa Kikurya nimesharuka. Lugha uliyonyonya nayo ndiyo inayofika kwanza, na kwenye karasha lugha ya pili kufika imechelewa.

Nikaenda Tarime mjini kwa Abdallah fundi cherehani. Nilijua Waislamu wote wanaijua lugha ya Irani.

"Mama Ryoba," Abdallah akasema, "mimi Mrangi wa Kondoa. Kiarabu changu ni cha kuswalia."

"Hicho hicho. Mkono wanauitaje?"

Akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani, lakini akaniandikia kwenye karatasi ya vipimo. Mkono ni yad. Njia nzima nilikuwa nasema yad, yad, mpaka abiria mwenzangu akahama kiti.

Kesho yake asubuhi nikamfuata Behruz, nikainua mkono. "Yad!"

Akakunja uso kama Mkurya aliyeitwa Mjaluo. Akajipiga kifuani. "Mimi si Arabu. Irani. Irani!"

Nikaona aibu, lakini sikuondoka. Nikamwita Ryoba, alikuwa ananioshea sahani. Nikaushika mkono wake, nikaufungua mbele ya macho ya fundi, ule mkono wenye vidole vitatu. Ryoba alitaka kuuficha mfukoni. Nikamwambia tulia, mura, kijana wangu.

 Behruz alichukua tambara akafuta grisi mikononi, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayetaka kuingia kanisani. Kisha akakigusa kidole cha shahada cha Ryoba, kimoja cha vile vilivyobaki.

"Angosht."

Akagusa kiganja. "Dast."

Nikatoa daftari la zamani la Lilian, nikaandika. Tuliendelea mpaka Mzee Waitara alipoita kutoka kwenye kiti chake kwamba mashine imelala. Kichwa ni sar. Jicho ni cheshm. Mguu ni pa tu, basi, na nywele ni mu. Sisi kwetu neno halipendi kukatika ghafla, kwa hiyo tunasema dasti, angoshiti, sari, cheshmi. Fundi anaelewa.

Mchana ule nilipakua ugali wa muhogo na dagaa, nikaweka mwiko juu ya sufuria, nikawasomea wafanyakazi daftari lote mara mbili, nikatangaza: hakuna sahani bila neno.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Sadock. "Mama, mimi nina njaa, siyo mwanafunzi."

"Basi njaa yako isubiri upate cheti. Mkono?"

"Mkono ni mkono!"

"Pita kule. Anayefuata."

"Mama Ryoba! Haya, haya. Dasti."

"Kidole?"

"Angoshiti. Na hiyo niongezee dagaa, ni ndefu."

Nyuma yake Kornelio alitaja mguu, jicho na nywele kabla hajaulizwa, akiangalia sufuria badala ya kuniangalia mimi. Behruz naye alipanga foleni. Nikamwuliza kwa Kiswahili, nikiinua kidole. Akafikiri, akasema, "Kidole." Nilimpa dagaa waliokuwa wangu.

Siku ya tatu Mzee Waitara akaja.

"Umefungua shule kwenye eneo langu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu wanachelewa kurudi kwenye mawe kwa ajili ya mchezo wako. Jumatatu sikutaki hapa. Nitaleta mpishi anayepika tu."

Niliziangalia sufuria zangu, nisidanganye. Sufuria hizo ndizo zimenilelea watoto tangu nimekuja kuolewa kutoka Ringwani. Lakini nikamwambia, "Jumatatu nitakuja na kuni zangu. Ukitaka kunitoa, nitoe saa saba mchana, mbele ya hao wanaosubiri ugali."

Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu nilimfunga Lilian kitambaa kichwani mpaka akalalamika.

"Mu," nikamwambia.

"Mu, mama, najua. Umeniambia tangu juzi."

Nikamvua glovu pana alizopewa. Nikawasha moto wangu pale pale pa siku zote, na Mzee Waitara akakaa kwenye kiti chake ananiangalia. Saa nne asubuhi karasha lilikuwa limekolea, vumbi limepanda, Lilian anainama na kuinuka na mawe. Kila alipoinama nilihesabu mikono yake. Kisha nikaacha mwiko, nikaenda nikasimama nyuma yake, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Dasti! Dasti!"

Sadock akaipokea. Kornelio akaipokea. Na injini ikafa. Nilikuwa sijavuta pumzi ya pili.

Behruz alitoka nyuma ya bati anakimbia, mikono mitupu, hana spana. Uso umekuwa kama unga. Akaangalia mikono ya Lilian, akaigeuza juu na chini, akaenda kwa Sadock, akaenda kwa Kornelio. Wote wakainua mikono bila kuambiwa.

"Nani ameumia?" Mzee Waitara alikuwa amefika anahema.

"Hakuna," nikasema.

"Sasa kelele za nini?"

"Nilikuwa napima."

"Unapima nini na dizeli yangu?"

"Siku ya Ryoba injini ilinguruma mpaka mwanangu akaanguka chini. Leo imezima kabla sijafunga mdomo. Ndicho nilichokuwa napima."

"Wewe mama una wazimu! Dizeli hiyo utaniambia..."

"Nirudishie vidole viwili vya Ryoba, ndipo tuongee dizeli."

Hakuna aliyecheka. Ryoba alikuwa kwenye beseni la vyombo, akautoa mkono wake kwenye maji ya sabuni, akauacha nje, kila mtu auone. Tangu mwezi wa tatu sijawahi kumwona anafanya hivyo.

"Washa!" Mzee Waitara akamwambia fundi. "Washa, nasema!"

Behruz alirudi hadi kwenye ukuta wa mabati, akasimama. Hakumtazama tajiri. Alinitazama mimi, akainua kiganja kilicho wazi.

"Dast?"

Nikamgeukia Lilian. Mikono yote miwili alikuwa ameiweka kifuani, mbali na mkanda, vidole kumi.

"Washa," nikasema mimi.

Mpishi mwingine hajaja mpaka leo. Ninapika pale pale. Wewe mama unayesoma, usingoje tajiri akufundishie mtoto. Nenda kamwulize fundi mwenyewe, hata ukikosea akakukunjia uso. Na Jumatatu hii nitapiga kelele tena, wala sitamwambia mtu ni saa ngapi.